Lupita na lafudhi ya Katwe

Lalamiko lenyewe ni fupi: hadithi ni ya Uganda, lakini nafasi kubwa za watu wazima zikaenda kwa wageni. Queen of Katwe, filamu ya 2016 kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, aliyeng'ara katika sataranji, ilimpa Lupita Nyong'o nafasi ya mama, Nakku Harriet. Mjaluo wa Kenya, mzaliwa wa Mexico, akacheza mjane wa Kampala anayeuza mahindi. Kocha wa Phiona, Robert Katende, naye akaigizwa na David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Waganda watu wazima wakaambulia nafasi za pembeni.

Lina uzito. Nafasi ya namna hiyo haiji Kampala kila mwaka, na wapo akina mama waliokomaa jukwaani pale National Theatre wasiohitaji kufundishwa namna ya kupiga magoti wakisalimu.

Ila wengi huanza na lafudhi, na hapo wanamwonea Lupita. Kiganda kina kanuni moja ngumu kwa mgeni: r hutokea baada ya e na i tu, kwingine ni l. Ndiyo maana tunasema eriiso (jicho) lakini olulimi (ulimi). Kanuni hiyo huingia hadi kwenye Kiingereza, pamoja na irabu za kujazia, ndipo "problem" inapotoka "pulobulemu". Anayeigiza kwa dhihaka hubadilisha l na r ovyo ovyo, na Mganda humgundua kwenye sentensi ya kwanza. Kuna pia mkazo wa konsonanti: okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Mjaluo hana msaada wa lugha ya mama hapa, kwani maneno mengi ya Kijaluo huishia kwa konsonanti. Kazi hiyo hufanywa kwa kurekodi wenyeji, kuandika sauti moja moja, kuzoeza mdomo, kisha kuutafuta mdundo wa sentensi nzima. Tena Lupita aliifanya akiwa amesimama kando ya watoto wa Kampala wanaosema kwa lafudhi yao ya kuzaliwa, mahali ambapo kosa dogo husikika kama sufuria iliyoanguka. (Sisi wa Kiswahili cha Uganda, tunaochekwa Mombasa kwa l na r hizo hizo, tungepaswa kuwa wa mwisho kumcheka.)

Wala si mtu anayelichukulia suala la lafudhi kwa wepesi. Katika podikasti yake ya 2024 alieleza jinsi alivyojilazimisha kusema Kimarekani akiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na baadaye akaamua kurudia sauti ya kwao. Ni msimamo ule ule wa hotuba yake ya 2014, aliposimulia kwamba utotoni alimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe, na wa 2017, alipolikemea jarida la Grazia la Uingereza kwa kufuta nywele zake kwenye picha ya jalada.

Halafu kuna hesabu. Filamu iligharimu takriban dola milioni 15 na kuingiza kama milioni 10 kwenye kumbi za dunia nzima. Wapinzani huuliza: nyota asiyejaza kumbi alikuwa na faida gani? Lakini jina la nyota hufanya kazi kabla kamera haijawashwa. Ndilo linalomshawishi mwenye fedha kutia saini. Jina la Lupita, mshindi wa Oscar ya 2014, pengine ndilo lililowezesha nafasi ya Phiona kwenda kwa Madina Nalwanga, mcheza ngoma wa Kampala asiyejulikana na yeyote Hollywood. Na pengo si milioni 5 kama watu wanavyotoa haraka haraka: kumbi hubaki na karibu nusu ya tiketi, na matangazo hulipwa kando. Namba hiyo inausumbua hata upande ninaoutetea, kwa sababu mabepari wa filamu huisoma kama ushahidi kwamba hadithi ya Afrika hailipi, na anayefuata kubisha hodi ni mtayarishaji wa Kampala asiye na Lupita.

Mwongozaji Mira Nair si mpita njia pia. Ana makazi Kampala, na tangu 2004 Maisha Film Lab yake imefundisha watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki. Lupita mwenyewe aliwahi kuwa miongoni mwa wafanyakazi wa filamu yake, The Namesake, kabla hajawa na jina.

Kwa hiyo lalamiko lihamie kwenye mkataba ujao: nafasi ya pili na ya tatu ya mtu mzima zifanyiwe majaribio Kampala kwanza, na Mganda anayewafundisha wageni lafudhi alipwe na aandikwe jina mwishoni mwa filamu.