Msumeno Ndio Unaochagua Sanduku

Mabishano kuhusu kibebeo cha zana za useremala huwa na pande mbili. Mmoja atakwambia fundi anayejua kazi hujiundia sanduku lake mwenyewe. Mwenzake atamjibu kwamba muda wa kuunda sanduku ni muda wa kazi ya mteja uliopotea, na madukani masanduku yamejaa tele. Wote wana hoja, ila wameanzia pasipofaa. Kabla hujachagua upande, chukua futi upime msumeno wako mrefu kuliko yote, kuanzia ncha ya bapa hadi kisogo cha mpini.

Msumeno wa mkono wenye bapa la inchi 26 huvuka sentimita 70. Linganisha na yale masanduku ya plastiki yanayopandana na kushikana kwa vibano, mtindo wa Systainer iliyotoka mwaka 1993. Kitako chake cha kawaida ni kama sentimita 40 kwa 30. Drili inaingia vizuri sana, na chaja yake, na betri ya akiba. Randa ya chuma namba 5 (namba za randa ni za ukubwa), yenye urefu wa sentimita 35 na ushei, inaingia kwa kubanwa. Msumeno hauingii hata ukiulaza mshazari. Kwa hiyo fundi wa zana za mkono aliyenunua mfumo huo mzima hujikuta amebeba masanduku mawili mazuri mkono huu, na mkono mwingine ameshika msumeno uliofungwa kwa katoni.

Hapo ndipo hoja ya kuunda inapopata nguvu, na nguvu yake haitokani na heshima ya ufundi. Wapo wanaoona haya seremala kuonekana na plastiki. Hayo ni majivuno, na tuyaache kwa wenyewe. Hoja yenye uzito ni kwamba soko la leo linapima masanduku yake kwa mashine za umeme, na mwenye zana ndefu, nyembamba na zenye makali wazi hakufikiriwa sana. Zamani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1936, katika kinamasi cha Mästermyr kwenye kisiwa cha Gotland, Sweden, mkulima aliyekuwa shambani alifukua sanduku la mwaloni la zama za Waviking, mabaharia wa kale wa Ulaya ya kaskazini. Mlikuwa na zana za uhunzi na za useremala pamoja: mashoka, tezo, keekee, tupa, msumeno. Vipimo vyake ni kama sentimita 90 kwa 26 kwa 24. Refu, jembamba, la kina kifupi. Fundi wa leo akichora sanduku la kubebea zana za mkono bila kuangalia mfano wowote, atafika karibu na vipimo hivyo hivyo, kwa sababu zana hazijabadilika umbo kiasi hicho.

Lakini umbo sahihi bado halijamaliza hesabu ya uzito, na upande wa kununua una haki ya kuuliza kuhusu hilo. Chukua sanduku la sentimita 80 kwa 25 kwa 25, lenye mfuniko, la plaiwudi ya milimita 12. Ubao wote unaotumika ni kama mita mraba 0.93. Ukikadiria plaiwudi kuwa na kilo 600 kwa mita ya ujazo, sanduku tupu lina zaidi ya kilo 6 na nusu. Hapo hujatia hata patasi. Randa namba 5 ina kilo 2 na kidogo, namba 4 inakaribia kilo 2, na nyundo, misumeno, kinoo na keekee vinajazia. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanzia kilo 23 kama kikomo, tena hali zote zikiwa nzuri: mikono miwili, mzigo karibu na mwili, hakuna kujipinda. Sanduku refu la mpini wa juu hubebwa kwa mkono mmoja, ubavuni, likigonga goti kila hatua. Nusu ya kilo hizo tayari ni adhabu kwenye ngazi.

Mkoba wa turubai hauna tatizo hilo. Ni mwepesi, una mkanda wa begani, na huacha mikono yote miwili huru. Fundi anayepanda ghorofa ya nne kwenda kurekebisha mlango mmoja na kurudi, simwoni akihitaji sanduku la mbao, hata liwe zuri vipi. Tatizo la mkoba liko ndani. Vitu hulala pale vilipoangukia. Patasi ya milimita 6 iliyoachwa bila ala huteremka hadi chini, ikakutana na kitako cha randa, na jioni unaona kidoti kinachong'aa kwenye ukingo wa makali. Ni kidogo kama punje ya mtama. Lakini punje hiyo itachora mstari kwenye kila ubao utakaousafisha mpaka utakapoinoa upya, na kunoa hadi kidoti kiishe kunakula chuma na muda. Skwea nayo haipendi kuchanganywa na nyundo. Ikishapigwa mara kadhaa na kupoteza pembe ya nyuzi 90, haikuambii. Utaambiwa na fremu isiyofunga.

Kwa patasi, mimi naona ubishi umekwisha: nunua au shona kitambaa cha mifuko cha kuviringisha, basi. Ni kazi ya cherehani ya jioni moja, kila patasi inapata mfuko wake, na bunda zima linaingia kwenye sanduku lolote au mkoba wowote. Sharti ni kwamba makali yavikwe kwanza, maana turubai peke yake hukatika chini ya patasi iliyonolewa sawasawa. Sharti la pili ni kwamba kisivingirishwe kikiwa na unyevu.

Unyevu wenyewe unastahili kusemwa zaidi, kwa sababu ndio unaogawanya wanunuzi na waundaji bila wao kujua. Sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko huzuia mvua kwa namna ambayo sanduku la mbao haliwezi. Hiyo ni faida ya kweli kwa anayebeba zana nyuma ya pikipiki. Ila mpira ule ule unaozuia maji kuingia huyazuia kutoka. Ukifunga randa yenye jasho la mkono, au zana zikapoa usiku baada ya mchana wa joto, unyevu wa ndani hutulia juu ya chuma. Sponji iliyokatwa kwa umbo la kila zana inazidisha, kwani hunywa maji na kuyashikilia palepale chuma kilipolala. Mbao hunyonya unyevu kiasi na kuutoa polepole, hivyo hupunguza mabadiliko ya ghafla. Lakini usidhani kila mbao ni rafiki. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaoshambulia chuma ndani ya sanduku lililofungwa. Kwa vyovyote vile, tone la mafuta mepesi kwenye kitambaa, likapitishwa kila zana kabla ya kurudishwa, linafanya kazi kubwa kuliko uchaguzi wa sanduku.

Tuseme basi umeamua kuunda. Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza: kila zana ikatiwe nafasi yake, au sanduku liachwe wazi? Wanaopenda nafasi maalumu wana mfano mkuu, kabati la Henry Studley, fundi wa piano wa Massachusetts aliyefariki mwaka 1925. Zana zipatazo 300 zimepangwa ndani ya kasha ambalo likifungwa ni kama mita moja kwa nusu mita, kila moja na kishikizo chake, nyingine zikiwa nyuma ya vibao vinavyofunguka. Ni kazi ya ajabu. Pia ina kilo zipatazo 70 ikiwa na zana zake, na makao yake yalikuwa ukutani. Wengi wanaoiga uzuri wake wanasahau hilo la ukuta.

Nafasi maalumu ina faida moja ambayo sanduku wazi halina: mwisho wa siku unaona mara moja kilichobaki kwa mteja. Pengo tupu linakuita. Gharama yake ni kwamba sanduku limefungwa kwenye zana ulizokuwa nazo siku ulipoliunda. Ukibadilisha randa kwa yenye mpini mrefu zaidi, kishikizo hakifai tena. Kwa anayeanza, ambaye kila mara anagundua kifaa kimoja hakitumii na kingine kinakosekana, kukata nafasi mapema ni kupoteza mbao. Afadhali sanduku wazi lenye trei moja ya kuteleza juu ya reli mbili ndogo, na vigawanyo vinavyosimama kwenye mifuo bila gundi, vinavyoweza kung'olewa. Msumeno pekee ndio ningeupa makao ya kudumu tangu mwanzo: kibao chenye mfuo wa kuficha meno, kiwe nyuma ya mfuniko au kwenye ubavu.

Na uzito unapungua ukikubali kuachana na milimita 12 kila mahali. Kuta za milimita 9, kitako na mfuniko wa milimita 6, sanduku la vipimo vile vile linashuka hadi kilo 4 na kidogo. Mfuniko nao hauhitaji bawaba. Mafundi wa Japani wana sanduku linaloungwa kwa misumari na mapau, yaani vibao vyembamba vya kukazia, ambalo mfuniko wake ni ubao mmoja wenye mapau mawili. Kila ncha ya sanduku ina pau lililopigiliwa juu. Unaingiza mfuniko chini ya pau la upande mmoja hadi mwisho, unaushusha, kisha unauvuta kinyume mpaka uingie chini ya pau la pili. Kabari nyembamba inajaza pengo lililobaki, na mfuniko hautoki hata sanduku likipinduliwa. Hakuna chuma cha kununua zaidi ya misumari, hakuna bawaba ya kulegea, na juu ya mfuniko unaweza kukaa au kukatia.

Mpini uwe kitu cha mwisho. Usiufunge katikati ya sanduku tupu. Pakia zana zote mahali pake, liweke sanduku juu ya bomba au kijiti cha duara, lisogeze taratibu hadi lisiiname upande wowote, kisha chora mstari hapo. Mara nyingi mstari huo utakuwa umesogea upande wa randa kwa sentimita kadhaa, na mpini unaufuata huko huko.