Lami imefika Moyale, bei bado inapangwa Kiamaiko

Saa kumi na moja alfajiri malori ya mbuzi yanashusha mzigo Kiamaiko, pale Huruma, hapa Nairobi. Mbuzi wanateremka wakiyumba, migongoni wana alama za rangi za wenyewe. Dalali anambinya mmoja kiunoni, anamwinua kidogo kupima uzito, kisha anataja bei. Utingo aliyekuja nao amekesha njiani usiku mmoja tu. Waliofanya kazi hiyo kabla yake walihesabu siku tatu, na mvua ikinyesha waliacha kuhesabu.

Tofauti hiyo ni lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, mji wa mpakani na Ethiopia, karibu kilomita 500, iliyojengwa kipande kwa kipande kuanzia 2007 na kuchukua kama miaka kumi, kwa fedha za serikali, za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za Umoja wa Ulaya. Sherehe za barabara tunazijua: mahema, ngoma, utepe, hotuba zisizokwisha. Watu wa Nairobi huzicheka. Mimi sizicheki, maana niliwahi kuvuka jangwa la Dida Galgalu juu ya lori la ng'ombe, nimeng'ang'ania vyuma, vumbi masikioni, nikiomba springi isikatike kabla ya Turbi. Ilikuwa mara moja, ikanitosha.

Tena furaha ya sherehe hizo ina hesabu ya zamani. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulitaka fedha za maendeleo ziende zitakakozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Kaskazini haikuwa na vitu hivyo, ikaachwa ingoje. Ndiyo maana mtu wa Marsabit akisafiri kwenda kusini alikuwa akisema anakwenda Kenya, wala hakuwa anatania.

Sasa sukuma wiki inafika Moyale ikiwa bado mbichi, na mama mwenye uchungu wa uzazi hawekwi tena juu ya magunia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Desemba 2020, mbele ya Uhuru Kenyatta na Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia. Ila ile ndoto ya malori ya Ethiopia kumiminika kuelekea Mombasa na Lamu bado ni ndoto kwa sehemu kubwa, kwani mzigo mwingi wa Ethiopia unapitia Djibouti.

Wanaoilalamikia barabara nao wana yao. Lami haichagui abiria: bangi inapita, na vijana wa Kihabeshi wanaosafirishwa kwa magendo kuelekea Afrika Kusini wanapita hapo hapo. Mabasi yanakimbia usiku, na ngamia hajui kupisha. Ardhi iliyokuwa malisho ya wote imeanza kuwekewa mawe ya mipaka, ingawa sheria ya ardhi ya jamii ipo tangu 2016. Haya ni ya kweli, lakini dawa yake ni polisi na maofisa wa ardhi kufanya kazi yao. Anayeyatumia kusema heri ile njia ya mawe, hajaulizwa na mwenye mgonjwa.

Linalonikera mimi ni bei. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosa kunyesha, barabara ilikuwepo na malori yalikuwepo. Lakini kila mfugaji alitaka kuuza siku ile ile, na mnyama aliyekonda hana bei. Njia ya kutoka ilikuwa wazi, mlangoni amesimama dalali. Kichinjio cha Isiolo, ambacho kingechinja karibu na malisho na kuleta nyama badala ya mifupa inayotembea, kilikaa miaka na miaka bila kukamilika. Ajabu ni kwamba kukata utepe wa kilomita mia kunaonekana kazi nyepesi kuliko kuwasha jokofu moja.

Halafu ile sifa ya kupitika "majira yote" ni ya barabara kuu peke yake. Mfugaji wa North Horr bado ana jangwa la Chalbi kati yake na lami ya Marsabit: kiangazi ni vumbi, masika ni tope linalomeza ekseli. Yeye huuza kwa mwenye lori anayethubutu kuja, kwa bei ya huyo mwenye lori. Simu inamwambia mbuzi wake wangepata kiasi gani Kiamaiko, na anabaki na habari hiyo mkononi.

Nilimuuliza utingo wa asubuhi ile kama wanarudi mtupu. Akacheka. Lori lilikuwa linaoshwa kwa mpira wa maji, mavi ya mbuzi yakiteremka mtaroni, na kando yake zimepangwa katoni zinazongoja kupanda: unga, mafuta ya kupikia, na maziwa ya paketi yanayokwenda Marsabit.