Nimezaliwa jirani na mwalo, kuogelea nimejifunzia Ufini

Jumapili iliyopita nilimpigia mama simu ya video nikiwa nimekaa sakafuni sebuleni, hapa Tampere, Ufini, nimezungukwa na hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo la gesi na majaketi matano ya kuokolea. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akauliza hivyo vitu ni vya nini. Nikamwambia mwezi wa saba tunakwenda kulala porini kando ya ziwa, mimi, baba watoto na wasichana wetu wawili, siku nne. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na wajukuu: "Mwanangu, kodi imewashinda?"

Namwelewa. Kwetu Kirumba, jijini Mwanza, penye mwalo ambako wavuvi hushusha samaki, anayelala nje ni mlinzi, au mvuvi, au mtu aliyefikwa na jambo. Hakuna anayetoa pesa yake kununua hema ili aikimbie nyumba yenye bati na mlango. Mimi mwenyewe nilipofika huku miaka kumi na moja iliyopita, wenzangu wa kazini waliposema likizo wanaimalizia msituni bila umeme, nilidhani wanabana matumizi.

Tunakokwenda ni Kolovesi, hifadhi ya taifa iliyo ndani ya Saimaa, ziwa kubwa kuliko yote ya Ufini. Lina kama kilomita za mraba 4,400. Ziwa Victoria lina 68,800, kwa hiyo mtu wa Mwanza asitishike. Ila Saimaa limekatikakatika kuwa visiwa, ghuba na vijia vya maji kati ya miamba na misonobari, na usipokuwa na ramani unaweza kukizunguka kisiwa kimoja mara mbili ukidhani unasonga mbele. Kolovesi boti za injini haziruhusiwi. Unaingia kwa kasia, kwa sababu humo wanaishi wanyama wa majini waitwao sili wa Saimaa, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka ambao theluji ni haba, watu hujitolea kwenda kuirundika juu ya barafu ili sili wapate pa kuzalia. Niliposikia hilo mara ya kwanza niliguswa sana.

Kiingilio hakuna. Nilisoma mara tatu nikitafuta bei, sikuiona, maana hifadhi zote za taifa za Ufini ni bure kuingia. Sehemu za kupiga hema zimeonyeshwa kwenye ramani, kuna mahali pa moto, kuni na choo cha shimo. Kazi yako ni kujua masharti. Likitolewa onyo la moto wa msituni huruhusiwi kuwasha moto wa wazi, ndiyo maana nimenunua jiko la gesi. Takataka zako unarudi nazo. Kuvua kwa fimbo na ndoana ya chambo ni bure kwa kila mtu. Ukitaka kuvua kwa chambo bandia, mtu mzima analipia ada ya serikali. Jioni mnakaguana kupe.

Na hata nje ya hifadhi, Wafini wana kitu wanachokiita jokamiehenoikeus, yaani haki ya kila mtu. Unaweza kupita msituni kwa miguu, kuchuma matunda ya porini na uyoga, hata kulala usiku mmoja au miwili kwenye ardhi ya mtu mwingine bila kumwomba, mradi ukae mbali na nyumba yake na usiharibu chochote. Lakini moto unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Haki hiyo haiulizi pasipoti. Mimi, mwanamke wa Kisukuma, nimeinama nachuma mustikka, vitunda vya buluu vya porini, katika msitu ambao mwenyewe simjui, na mzee aliyepita na mbwa wake akanielekeza zilipo nyingi zaidi.

Mwaka jana tulijaribu usiku mmoja karibu na Tampere, mama hakuambiwa. Tulifika kwenye laavu, kibanda cha magogo chenye kuta tatu kinachotazama mahali pa moto. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na vidole vya watoto vilikuwa baridi kama chuma. Ukutani, chini ya benchi, kulikuwa na vijiti vikavu vimechanwa vyembamba, vimepangwa, na juu yake kipande cha gome la mti wa birch kwa kuwashia. Aliyetutangulia alikuwa ametuandalia moto bila kutujua. Asubuhi mwanangu mkubwa hakukubali tuondoke mpaka na sisi tumechana vijiti vya atakayefuata.

Desemba tulikwenda nyumbani. Nikasema safari hii nitampeleka mama ufukweni na wajukuu wake, tukae mchangani, tule. Mama akapika pilau tangu alfajiri, akaitia kwenye hotipoti, akaifunga kwa kanga. Mlinzi getini akatwambia chakula cha nje hakiingii, na kila kichwa kilipiwe, watoto pia. Hakuwa mkorofi, alikuwa anafanya alichoagizwa. Tukala pilau ile kwenye gari, vioo vimeshushwa, ziwa tunaliona kwa mbali kati ya nguzo za uzio. Mama ameishi Mwanza zaidi ya miaka arobaini na hajawahi kukaa kwenye mchanga ule. Hakulalamika, na hapo ndipo nilipoumia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Ni sheria nzuri, lakini inalinda ufukwe tu. Inayompa mama wa Igoma nafasi ya kutandika mkeka wake hapo ni ipi? Hicho ndicho ninachokililia, ndugu zangu. Hatukukosa maji wala uzuri. Tumekosa njia ya kufika majini isiyopita getini, na hili halmashauri zetu zinaliweza. Kila kata inayopakana na ziwa itengewe kipande cha ufukwe cha umma, chenye choo safi na kivuli, na watoto wafundishwe kuogelea.

Kuogelea, ndiyo. Nilikuwa darasa la tatu meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, Mei 1996, wakafa watu zaidi ya 800. Mtaani kwetu matanga yalifuatana, na tangu siku hiyo mama alitukataza ziwa. "Ziwa lina wenyewe," alisema, na hatukubisha. Kuna mamba pia, kuna kichocho, kwa hiyo sisemi watoto wajitose mwaloni hivi hivi. Lakini hofu haikutufundisha kuelea. Huku kuogelea ni somo la shule. Kipimo chao ni uanguke kwenye kina kirefu, uibuke, uogelee mita 200, na 50 kati ya hizo iwe chali. Mwanangu wa miaka tisa amekifaulu. Mimi niliyekulia hatua mia mbili kutoka majini nilijifunza nikiwa na miaka 34, kwenye bwawa la ndani.

Kuna kitu cha kwetu ambacho Saimaa hailingani nacho, nao ni usiku. Kolovesi mwezi wa saba giza lenyewe haliji, anga linabaki la kijivujivu mpaka jua lirudi. Mwanza saa moja jioni jua limeshazama, na ikiwa hakuna mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanatoka na karabai zao, siku hizi wengi wana taa za sola, na ziwa lote linawaka kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Utotoni nililala nikizihesabu kutoka dirishani. Wasichana wangu nimewasimulia hilo mara nyingi, na kwenye mkoba wa chakula nimetia nusu kilo ya dagaa wa Kirumba, wawale karibu na maji, pamoja na muikku, visamaki vya huku ambavyo wenyewe hukaanga kwa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano.

Mama alipomaliza kunisikiliza aliniambia nisogeze simu karibu na vile vitu. Akatazama hema, akatazama jiko, akayahesabu majaketi.

"Mko wanne. La tano la nani?"

Nikaliinua. Dogo, rangi ya chungwa, filimbi imefungwa begani. Nikamwambia ni la mjukuu wake wa Pasiansi, mwezi wa nane kuna mtu anakuja Mwanza, nitampa.

"Basi tafuta na langu," akasema. "Mwezi wa kumi nakwenda kisiwani Ukerewe kwa dada."