Nyigu wa Malindi, Punda wa Shela

Ndege ya mzee wangu, aliyoiunda mwenyewe, ina viti viwili, mabawa ya juu, injini ya Rotax 912 ya nguvu farasi 80, na rubani asiyenyamaza. Tulipotoka Malindi kwenda Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, alikuwa ameshaanza kisa cha kesi yake ya shamba. Karibu na Kipungani, kijiji cha kisiwa cha Lamu, futi 1,500 juu, injini ikakohoa, ikapanda, ikashuka, ikanyamaza. Yeye akaendelea.

"Basi hakimu akaniuliza," alisema, huku mkono unasukuma usukani mbele.

Hapo nilimvulia kofia. Injini ikizima, mwili wote unataka kuinua pua. Ukiinua, mwendo unakwisha na bawa linaacha kubeba, na hapo huna tena mjadala. Pua chini kwanza, mwendo ushikwe (hii yetu kama kilomita 95 kwa saa), uchague pa kutua, ndipo uikumbuke injini. Ndege ya aina hii ikiteleza huenda mbele futi 8 hivi kwa kila futi 1 inayoshuka. Kutoka futi 1,500 ni kilomita tatu na nusu, na kaskazi ikikupiga usoni hufiki huko. Muda wake ni dakika mbili na kitu.

"Fundi, koki!"

Nikageuza koki ya mafuta kwenda tangi la pili. Pampu ya umeme inavuma, swichi zote mbili za moto ziko juu, propela imesimama wima kama askari wa zamu. Mzee akamkatisha hakimu, akaita "Mayday", wito wa hatari, mara tatu kwenye redio, akawaeleza Manda tulipo na tunapotua, akarudi mahakamani.

Chini maji yalikuwa yamekupwa. Mchanga mkavu wa huko juu kwenye matuta ni mtego: gurudumu la pua huzama na ndege ikabinuka. Unaofaa ni ule uliolowa karibu na maji, ambao mtu akikimbia haachi shimo. Tukafunga koki, tukazima swichi, tukakaza mikanda, tukafungua milango kidogo isije ikakwama fremu ikipinda. Magurudumu ya nyuma yakagusa kwanza, mzee akaishikilia pua hewani hadi ikashuka yenyewe.

"Nikashinda kesi," akasema.

Nikapanda kufungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Likavuta pumzi, na ubavu wa plastiki uliokuwa umebonyea ukarudi. Tangi la pili, tulilolitumia mwanzo wa safari, vilevile. Mafuta hayatoki kama hewa haiingii kushika nafasi yake, na hewa huingilia kwenye kipumulio, kijibomba chembamba juu ya bawa. Ndege ilikuwa imelala nje, na nyigu wa udongo akiona tundu la kiasi hicho huona nyumba imeshajengwa, amebakiza mlango tu. Nilichokonoa kwa waya: udongo mkavu, kisha buibui waliopoozwa, akiba ya watoto. Bawa la pili nako, akiba kamili. Dawa yake ni kizibo chenye utepe mwekundu kila ndege inapolala, na asubuhi unapuliza kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, kifuniko kikiwa wazi, usikie hewa ikipita. Kompresa hapana, itausukuma udongo tangini ukazibe chujio.

Maji yakaanza kujaa. Akatokea mwenye punda wa Shela, kijiji cha hapo kisiwani, na punda wanne.

"Ami, kilo ngapi hii?"

"Kama mia tatu."

"Mifuko sita ya saruji."

"Saruji haina mabawa," mzee akalalamika.

"Mabawa nakuvutia bure."

Kamba usifunge kwenye propela wala gurudumu la pua. Inafungwa chini kwenye miguu miwili mikubwa, ndege inavutwa kinyumenyume, na mtu mmoja anauinamia mkia ili pua isilime mchanga. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mzee alibaki kitini, eti anashika breki. Injini ingewaka palepale, lakini haruki mtu kabla ndege haijakaguliwa, na chuma kilichorushiwa maji ya chumvi huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Tulipovuka alama ya bamvua, pale maji makuu yanapoishia, mwenye punda akahesabu upya: mifuko sita ya ndege, miwili ya mzee.

Mzee akakubali mmoja, akaukatia rufaa wa pili.