Bosi wa Helmeti Nyeupe

Mkiniona na hii helmeti nyeupe mnaniita bosi. Haya. Lakini helmeti yenyewe si yangu, ni ya kontrakta, na siku nikiacha kazi nitaivua mlangoni mlinzi akiangalia.

Saiti yetu iko Nyali, Mombasa, gorofa nane zinazotazama bahari. Saa moja asubuhi nishafika. Nihesabu mifuko ya simiti, nimkagulie fundi timazi, nisimame kwenye mixa kwa sababu simiti moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, nikigeuka tu kutema mate, kokoto zishakuwa sita. Ukuta ukipinda, ni mimi msimamizi. Mfuko ukipotea, ni msimamizi. Jengo likisimama vizuri? Mashallah, injinia yule kasoma!

Sasa mshahara. 40,000. Msipige makofi bado. NSSF, akiba ya uzeeni, 2,400, bima ya afya 1,100, ushuru wa mapato unamega tonge lake, na mwisho kuna makato ya nyumba, asilimia 1.5, yaani 600. Hebu fikiria: nashinda juani nikijenga nyumba za watu, kisha nakatwa pesa za kujenga nyumba, halafu jioni narudi chumba cha kupanga Kisauni. Mkononi zinafika 32,000 na chenji, na chenji yenyewe inaishia kwa tuktuk.

Fundi wa taili analipwa kwa mita. Jumamosi anatoka na bunda, ananipungia mkono. Nani aliyempimia hizo mita? Mimi!

Ikifika tarehe 20 hivi namvuta mtu wa mkono, kibarua wa saiti, nyuma ya tangi la maji.

"Kijana, nipe 200, mwisho wa mwezi nitakurudishia."

Anaweka karai chini, anajifuta jasho polepole. "Bosi, na ile ya mwezi jana?"

Mama wa viazi karai naye hanisaidii. Naagiza viwili, anatia vinne na ukwaju juu. Ati bosi hali viwili. Sasa nikatae mbele ya vibarua? Nalipa, nakula, navimbiwa kwa heshima.

Juzi mwenye nyumba kanigongea. "Baba Rukia, wewe si mtu wa mjengo? Njoo uniangalilie ufa."

Nikatoa timazi, nikapima. Ukuta umelala kama mnazi wa ufuoni. Nikakoroga simiti, simiti ya pesa zangu, nikaziba ufa, nikapiga na rangi iliyobaki. Bure. Nikajiambia, mwezi huu nikichelewa na kodi, huyu mzee atanielewa.

Akauzunguka ukuta, akaupapasa, akatabasamu.

"Kazi safi, bosi. Sasa nyumba iko imara. Kuanzia mwezi ujao utaniongeza 500."

Na huo ufa ulikuwa wa chumba cha jirani.