Nimenunua Jiwe, Nimeletewa Ukoo

Tangu nihamie Dodoma na serikali sijawahi kulalamika. Vumbi nimelizoea. Upepo wa mwezi wa nane unaoingia mpaka kwenye kopo la sukari nimeuzoea. Hata ndugu wanaokuja kwenye usaili, wanashukia kwangu na kibegi cha siku mbili wakangoja mpaka majina yatoke, hao nao nimewazoea; mji huu ukiwa na kochi la ziada, umeshakuwa ofisi ya umma. Ila hili la jiwe, hapana jamani.

Jiwe ni la tangi la samaki wa baharini. Ndiyo, wa baharini, hapa hapa Ilazo, kilomita kama 450 kutoka Dar. Jirani yangu ananiuliza: "Maji ya Dodoma yana chumvi tayari, unanunua chumvi ya nini?" Mweleze mtu huyo kwamba chumvi ya bomba letu siyo ya baharini, kwamba tangi linataka kama gramu 35 kwa lita, na kwamba upepo ukikausha maji chumvi inabaki, kwa hiyo jioni unajaliza maji baridi yaliyochujwa, siyo ya chumvi. Anaitikia vizuri kabisa. Kesho anauliza tena.

Basi nikaagiza jiwe lenye matumbawe mawili madogo, lililokuzwa tangini, siyo la kung'olewa baharini. Likafungwa kwenye magazeti mabichi, likatiwa kwenye deli, likapanda basi. Konda akatoza mzigo mmoja. Angejua mle ndani kuna nani na nani, angetoza nauli za watu wazima na watoto nusu.

Siku za mwanzo kimya. Kisha kioo kikaota vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Mama watoto akasema chawa. Nikaweka lenzi: kopepodi, chakula cha samaki. Wakae. Kwenye pampu vikagandia vikonokono vyeupe saizi ya punje ya ulezi, kumbe siyo konokono, ni minyoo iliyojijengea nyumba za chokaa, haina neno na mtu. Nayo ikae. Vikaja viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, aina ya asterina, vidogo kuliko ukucha, mikono haifanani, mmoja mrefu, mwingine kisiki, maana asterina hujigawa vipande viwili na kila kipande kikajiotea kilichopungua. Wengi wao hula mwani, wachache hutafuna matumbawe. Utamjua vipi mwema? Unavuta kiti, unakaa, unaangalia amepanda juu ya nini na pale alipotoka kumebaki nini. Mimi, mwenye watoto na mkopo wa benki, nachunguza tabia za kitu kisicho na kichwa.

Aliyenikondesha ni aiptasia, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Kishina cha kahawia, ukikitazama unaona hadi upande wa pili, juu minyiri mirefu iliyochongoka, ukimsogelea anazama kwenye tundu lake. Anachoma matumbawe na kuyafukuza kwenye nafasi yao. Huyu hakatwi wala hakwanguliwi: kila kipande kinachobaki kinaota mwingine. Dawa yake ni sindano ya maji ya limau mdomoni, kabla hajajikunja. Nilikuwa na mmoja. Shemeji yangu, yule wa usaili, akaona ukarimu wangu umezidi, akachukua kisu cha mboga akamkwangua nikiwa kazini. "Nimekusaidia, shemeji." Sasa ni kijiji, kimebakiza kuchagua mwenyekiti. Limau za Majengo nazimaliza mimi, na muuza limau ananipa pole ya mafua.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika msafara wote ule, aliyepokea jembe ni mnyoo mmoja tu, wa rangi ya waridi, mwenye vishada vya manyoya meupe ubavuni. Usiku anatoka, anafagia mabaki ya chakula, anarudi. Ila usimshike mkono mtupu; yale manyoya yanakatikia kwenye ngozi na utayang'oa kwa selotepu huku ukitukana. Unayemwogopa ni binamu yake mkubwa, eunisi, mwenye papasi tano kichwani. Kule Newquay, Uingereza, mwaka 2009, akwariamu moja ilikuwa inakuta matumbawe yake yamekatwakatwa, hawamjui mhalifu. Walipobomoa mapambo ya tangi wakamkuta amejificha, zaidi ya mita moja! Tangu nisome hayo, usiku natembea na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, kwa sababu taa nyekundu haiwashtui sana, nahesabu papasi za watu.

Halafu ikaanza sauti. Tak! Kimya. Tak! Mama watoto akasema panya. Shemeji akasema dari. Fundi umeme akaja, akafungua swichi zote, akala chai, akasema "hii nyumba ina historia." Mimi nikajua ni kamba, ila yupi? Kuna yule mwenye gando moja kubwa anayelialisha, huyo mpole. Na kuna yule wa ngumi, mwenye macho juu ya vijiti, kila jicho likizunguka kivyake, mikono kaikunja chini ya kifua, anayevunja konokono na, akiwa mkubwa, hata kioo. Nikakata chupa ya maji, nikageuza shingo ikatazama ndani, nikaweka kipande cha samaki. Asubuhi yumo. Macho yanazunguka. Wa ngumi.

Baba mkwe alikuwa amefika kutoka Kongwa. Akainama, akamtazama kwa makini anavyotazama ng'ombe mnadani. "Ana nyama huyu. Mnamla lini?" Binti yangu akaangua kilio ambacho nadhani kilisikika Mtumba. Na mtoto akilia mbele ya babu yake, uamuzi unakuwa siyo wako.

Kwa hiyo kamba ana tangi lake, la plastiki nene. Ana pampu yake. Ana hita yake, maana baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba haitanii, na LUKU inakatwa kwangu. Anakula kamba wa kugandishwa wa kutoka Dar, bei siitaji hapa, mama watoto huwa anasoma. Sisi tuliobaki tunakula ugali na mlenda.