Manowari ya Sayyid na mizani ya forodha

Mwaka 1836 Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Omani na Unguja, alimzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari yake kubwa kuliko zote, Liverpool, yenye mizinga zaidi ya 70. Ilikuwa imeshushwa majini Bombay miaka kumi tu nyuma. Waingereza wakaipa jina la Imaum. Hapa Bagamoyo kisa hiki kikiguswa barazani, wazee kwa vijana hutikisa vichwa, na hukumu huwa moja: aliyeigawa silaha ndiye aliyeigawa pwani. Angebaki nayo, akaongeza nyingine tano, Mwingereza na Mjerumani wasingetukata vipande kama mkate wa kumimina.

Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1505 Kilwa, mji uliokuwa ukipiga sarafu zake wenyewe, uliporwa na Wareno wa Francisco de Almeida kwa sababu haukuwa na cha kuijibu mizinga ya merikebu. Na tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga Unguja kwa muda wa dakika 38 hivi, Glasgow, meli ya Sultani, ikazama pale pale mbele ya mji. Asemaye kwamba mizinga si kitu hajasoma historia ya pwani hii.

Ila mizinga hutoka mahali, na kuna anayeilipia.

Watazameni Wareno hao hao. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Mwaka 1698 ikawaponyoka baada ya kuzingirwa na Waomani karibu miaka mitatu. Kuta hazikuwashinda, zimesimama hata leo. Kilichowamaliza ni watu: maradhi yaliwafagia waliokuwa ndani, na msaada wa kutoka Goa, makao yao ya India, ukawa haba na wa kuchelewa. Nchi iliyokuwa na watu kama milioni moja ilipoanza safari zake ilijitwisha vituo kuanzia Brazil hadi Macau. Waomani nao walikuwa wameiteka Maskati mwaka 1650, wakazichukua merikebu za Wareno, wakajifunza kuziendesha, wakawafuata nazo mpaka huku. Mizinga ya Mreno iligeuzwa mdomo.

Sasa turudi kwa Liverpool, maana hapo ndipo naona Sayyid ameonewa. Meli ya mizinga 70 inakula usiku na mchana, hata ikiwa imetia nanga tu. Inataka mamia ya mabaharia, matanga, kamba, baruti, mshahara. Tena ikianza kuvuja, huwezi kuikwamisha ufukweni bamvua likitoka, ukawaita mafundi waje na pamba na mafuta ya sifa waikalafati, kama wafanyavyo mafundi wetu wa majahazi hapa pwani. Ile ilitaka gudi, yaani kizimba cha bandarini kinachokaushwa maji ili meli itengenezwe. Na gudi liko Bombay, na Bombay ni ya Mwingereza. Silaha ambayo ukitaka kuitengeneza lazima uombe ruhusa kwa yule unayetaka kumtisha nayo, ni silaha ya nani hiyo? Kwa maoni yangu Sayyid aliipiga hesabu hii vizuri kuliko sisi tunaomcheka. Alitoa kitu ambacho funguo zake hajapata kuwa nazo, na kwa zawadi hiyo akajipatia ukaribu na London.

Nguvu aliyoijenga kweli ilikuwa kwingine. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1840 jahazi lake la Sultanah lilitia nanga New York, likiwa na pembe, karafuu, tende na kahawa. Huku bara, misafara ya Tabora na Ujiji ilikuwa ikishuka mpaka kwenye mchanga wetu huu, na kila frasila ya pembe ilipita kwenye mizani ya forodha. Dola yake ya bahari ilikaa juu ya mizani ile.

Kosa lake, na ni kosa kubwa, ni kwamba aliikodisha forodha yenyewe. Nyumba ya Jairam Shivji ilimlipa fungu maalumu kila mwaka na kukusanya ushuru wote, halafu ikamkopesha pia. Tuseme wazi: ushuru uko mkononi mwa mtu, deni liko kwa mtu huyo huyo, gudi liko kwa mwingine. Na juu ya hayo, mali iliyopita hapa haikuwa pembe peke yake. Walipita watu. Biashara ya watumwa ilikuwa dhulma, na ilimpa Mwingereza sababu ya haki ya kuleta manowari zake, hata pale alipokuwa na tamaa zake. Mikataba ya kuibana biashara hiyo, ya 1822, 1845 na 1873, iling'oa ubao mmoja mmoja. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipozivunja meli za mwanawe, Sultani Sayyid Barghash, hakukuwa na akiba ya kuzirudisha, na mwaka uliofuata akatia saini.

Uingereza yenyewe haikushindwa baharini. Mwaka 1956 ilikuwa imekwisha kuiteka Port Said, bandari ya Misri kwenye Mfereji wa Suez, meli zake zimejaa Mediterania, Marekani ikakataa kuinusuru pauni. Wiki chache tu, wakaondoka. Mwaka 1968 wakatangaza kufunga vituo vyao vya mashariki ya Suez.

Na Bagamoyo je? Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kwanza kuchukua forodha, si shamba wala msitu, ikidai imekodishiwa na Sultani. Watu wa mrima walielewa mara moja maana yake, wakainuka na Abushiri bin Salim mpaka akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Wajerumani wakamlipa Sultani marki milioni 4 kwa pwani yote hii. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yakatoka hapa Bagamoyo yakahamia Dar es Salaam, kwenye maji ya kina, kwa kuwa meli za moshi zilikuwa zikitia nanga mbali na ufukwe wetu. Hakuna manowari ya adui iliyotunyang'anya cheo hicho.

Bandari mpya ya Mbegani, hapa hapa Bagamoyo, ilikubaliwa na Wachina mwaka 2013, ikasimamishwa mwaka 2019 Rais Magufuli alipoyakataa hadharani masharti yake, ukiwemo ukodishaji wa miaka 99, kisha mazungumzo yakafufuliwa. Nafurahi kwamba safari hii watu wanauliza nani atakusanya ushuru. Lakini katika mabishano yote niliyoyasikia hapa mjini, hutajwa kina cha maji, hutajwa makontena, hutajwa ajira. Gudi la kutengenezea meli bado halijatajwa.